Jiko Halilali Ndani

Tangu Eldoret ipewe hadhi ya jiji, Agosti 2024, nikisema nimekulia huku watu wananiuliza mtaa gani. Hakuna mtaa. Tulikuwa upande wa Moiben, ambako shamba la ngano linaanzia mlangoni mwako na kuishia macho yanapochoka. Kwenda town, yaani Sisibo kama wazee wanavyoiita hadi leo kwa sababu mji ulijengwa kwenye shamba namba 64, ilikuwa safari ya kupangwa siku mbili kabla.

Tena hatukuwa wenyeji. Baba ni fundi wa matrekta na mashine za kuvuna ngano, na kazi ilipomshika huku akatuita kutoka Pangani, Tanga. Ilikuwa 2012. Mimi nilikuwa na miaka tisa, dada yangu sita, na kitindamimba alikuwa bado ananyonya. Tulivuka mpaka pale Horohoro tukiwa na mashati ya mikono mifupi, tukapita Mombasa, tukapita Nairobi, tukashuka Eldoret saa kumi na moja alfajiri, mita kama 2,100 juu ya bahari tuliyokuwa tumeiacha nyuma ya nyumba. Dada alipoona moshi unamtoka mdomoni akaanza kulia. Alidhani anaungua ndani.

Mama yeye alikuwa na uhakika na jambo moja: Kenya wanazungumza Kiswahili, kwa hiyo hatutapotea.

Basi siku ya tatu tumekaa nje tunakula ugali na maharage, wanaume watatu waliokuwa wakitengeneza ua wa jirani wakapita. Mama akawaambia, "Karibuni chakula." Kwetu Pangani hilo ni neno la adabu tu. Unakaribisha, mpita njia anajibu "asante, nishakula" hata kama ana njaa ya jana, na kila mtu anaendelea na maisha yake. Hawa walinawa mikono, wakaketi. Walikula kwa heshima na kwa bidii hadi sufuria ikang'aa, wakasema asante mama, wakarudi kwa ua wao. Sisi tukanywa uji. Baba alicheka mpaka akakohoa. Kesho yake asubuhi tukakuta kabeji nne zimepangwa mlangoni, na hakuna aliyesema zimetoka kwa nani.

Halafu kuna ile ya chai. Jirani yetu alikuwa bibi mmoja wa Kikalenjin tuliyemwita Kogo, kama wajukuu zake walivyomwita. Alipokuja kutusalimia Mama akampikia chai yake nzuri kabisa ya wageni: ya rangi, yenye tangawizi na iliki, iliyonukia hadi barabarani. Kogo alikitazama kikombe kwa muda mrefu.

"Hii ni turungi," akasema polepole. "Kwani mambo ni mbaya hivyo?"

Alikunywa, lakini kesho yake akatuma mjukuu na lita moja ya maziwa, na kesho kutwa tena, na haikukoma. Mama aliona aibu wiki nzima. Kogo naye, nadhani, alikuwa anaamini ameokoa familia na njaa.

Watu wanapenda kusema mgeni hajui kitu. Mimi sikubali. Mama alijua mambo mengi sana, na aliyajua vizuri, ila aliyajulia mahali pengine. Alijua jua. Pangani ukianika kitu asubuhi unaenda zako, unarudi jioni kimekauka. Mwaka wa kwanza tukalima mahindi nusu ekari, tukayavuna, akayaanika kwenye turubai chini ya jua kali la saa nne, akaondoka kwenda kusaga. Saa nane mvua ikaja kutoka upande wa Cherangani kama mtu aliyetumwa. Kununuliwa bohari kunataka unyevu usizidi asilimia 13.5, na yale yetu ungeweza kuyakamua. Tuliyala wenyewe tu, makande kila siku mpaka Januari. Shuleni nikisema "makande" wenzangu walinicheka, kumbe ni githeri.

Hizi zote Mama alizisimulia kwa Bibi. Kila Jumapili Baba alinunua kredo, Mama aliendelea kuiita salio, akapiga Pangani. Tulimsikia Bibi upande wa pili akicheka hadi simu ikikwaruza. Wale wanaume walikuwa watatu jana, wiki ijayo wamekuwa watano. Nilijifunza kutunga hadithi hapo, kama ninajua kutunga.

Moja hakuisimulia.

Ilikuwa Julai. Usiku wa Julai huku unaweza kushuka hadi nyuzi 10 au chini yake, na siku hiyo mvua ilikuwa haijanyamaza tangu mchana. Baba alilala kazini. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na mabati, na kwa sababu ya baridi tulikuwa tumeziba nyufa zote kwa magazeti na katoni, chini ya mlango tumeweka gunia. Tuliisifia kazi yetu ile. Mama akaleta jiko la makaa ndani, likiwa jekundu vizuri, halina hata moshi, akaliweka kati ya vitanda viwili.

Kwao alifanya hivyo maisha yake yote msimu wa mvua. Lakini nyumba ya makuti inapumua. Upepo unaingia kwa juu, unatokea chini, hakuna anayeuzuia. Makaa yakikosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hukalia nafasi ya oksijeni kwenye damu. Haikuchomi pua wala kukukohoza. Unaona usingizi mtamu tu.

Dada ndiye aliyetuokoa, kwa kutapika. Mama akaamka amsaidie, akasimama, miguu ikakataa. Nakumbuka anguko lake. Mimi kichwa kilikuwa kinagonga kama mtu anapasua kuni ndani yake, na nilitaka kumwambia aache kelele. Alitambaa hadi mlangoni, akavuta komeo, akapiga kelele ambayo sijaisikia tena.

Kogo alifika na tochi. Hakuuliza kitu. Alilipiga jiko teke likatoka nje, makaa yakalia kwenye maji, kisha akatuburuta mmoja mmoja hadi kwenye nyasi, kwenye mvua, mwanamke wa miaka sabini na kitu. Kitindamimba alimbeba mwisho. Alimpiga makofi ya miguuni, akampulizia usoni, akamgeuza. Hakulia. Sisi wengine tulikuwa tunalia, yeye hakulia. Sijui ni dakika ngapi. Nasema kumi, dada anasema mbili, Mama hataki kuulizwa. Halafu akakohoa, akalia kidogo, kama paka.

"Hii nyumba haina pua," Kogo akamwambia Mama. "Moto ni ya nje."

Pikapu ya jirani ikatupeleka kliniki, tukawekewa oksijeni, tukarudi siku ya pili. Baba alitoa magazeti yote kwenye nyufa bila kusema neno, akakata tundu mbili chini ya paa. Jumapili simu ikapigwa kama kawaida. "Watoto wana mafua kidogo," Mama akasema. "Baridi ya huku, mama." Mjomba alikuwa ameshasema mara mbili turudishwe nyumbani, na Mama alijua hiyo moja ingetosha.

Siku hizi tunakaa Kapsoya, nyumba ya mawe, tunapikia gesi. Bibi alikuja kututembelea Julai 2024, amevaa sweta mbili juu ya dera, na usiku wa kwanza akaomba jiko liletwe chumbani.

"Jiko halilali ndani," Mama akasema.

"Tangu lini? Nimekulea na jiko chumbani."

"Huku halilali, mama."

Bibi alimtazama, akatutazama sisi. Mimi nikaangalia simu yangu, dada akainuka kwenda jikoni. Mama akaleta blanketi la tatu na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kanga. Kisha akafungua dirisha, upana wa vidole viwili.

"Mtoto huyu Kenya imemharibu kichwa," Bibi akasema kutoka chini ya mablanketi.

Sebuleni kitindamimba, ambaye sasa miguu inazidi urefu wa kochi, alikuwa ameshalala anakoroma. Mama alizima taa, akasimama pale mlangoni gizani kwa muda, anamsikiliza.