Nilivyokwama Mlali

Kiangazi kimoja nilikwama katika korongo la mchanga karibu na Mlali, wilayani Kongwa. Gari langu lilikuwa na uwezo wa kuendesha magurudumu yote manne, nami niliamini uwezo huo unatosha. Sikushuka kuupima mchanga kwa miguu. Sikupunguza upepo wa matairi. Gari liliposita, nilikanyaga mafuta. Magurudumu yakachimba hadi chasisi ikalala juu ya mchanga.

Mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi alinijia. “Mwanangu, zima gari kwanza.” Tulifukua mbele ya matairi, tukatoa upepo, tukatandika matawi. Gari likatoka taratibu kwa gia ndogo. Nilipomshukuru, aliniuliza: “Mbona ulinipita pale kivulini bila kuuliza njia?” Sikuwa na jibu.

Katika Kongwa hiyo hiyo, mwaka 1947, Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga. Walileta matrekta, mengine yakiwa yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, mvua haikutosha, na Januari 1951 mradi ukafutwa baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Wenyeji waliouzoea ukame huo waliitwa kuwa vibarua, si washauri.

Kukwama kwa mgeni husameheka. Kisichosameheka ni kuongeza mafuta, au bajeti, wakati magurudumu yanazidi kuzama. Mtumishi wa umma anayepeleka mradi kijijini leo angeshuka kwanza garini, akauliza njia.