Waya Mmoja, Bendi Nyingi



Huenda umewahi kufunga kipande cha waya kwenye antena ya redio yako, ukakitundika mtini, na sauti ikawa safi zaidi. Ulifanya jambo la maana. Redio hata ikiwa ya bei kubwa, bila antena nzuri ni kama mtu mwenye akili aliyezibwa masikio.

Leo nataka tuzungumze juu ya antena za redio ya upepo, ile ya kusema na kujibiwa. Wengi huiita redio koli. Wako watu duniani wanaoitumia kwa kupenda tu, bila kulipwa. Hawa ni watu wa redio ya ridhaa. Mimi ni mmoja wao.

Kazi hii si mchezo tu. Tarehe 26 Desemba 2004 bahari ilifurika katika visiwa vya Andaman, nchini India. Simu zilikatika. Wakati huo mama mmoja, Bharathi Prasad, alikuwa mjini Port Blair na wenzake wa redio ya ridhaa. Redio zao ndizo zilizopeleka habari za waliopona kwa ndugu zao. Mawimbi ya bahari hiyo hiyo yalifika hadi pwani yetu ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo jambo hili linatuhusu.

Mawimbi ya redio yana urefu mbalimbali. Yako ya mita 40, ya mita 20, ya mita 15 na ya mita 10. Kila kundi huitwa bendi. Mchana, bendi za mita 20, 15 na 10 zinaweza kufika bara jingine. Bendi ya mita 40 mchana hufaa kwa watu walio umbali wa kilomita mia chache, na usiku hufika mbali zaidi. Sababu ni jua. Jua hubadilisha hewa ya juu sana, na hewa hiyo ndiyo inayorudisha mawimbi chini. Mtu mwenye bendi moja tu hufungiwa mlango sehemu ya siku.

Sasa tupige hesabu. Antena ya kawaida ni waya wenye mikono miwili. Kebo ya redio hufungwa katikati. Urefu wote ni karibu nusu ya wimbi. Chukua 143, gawanya kwa megahezi. Kwa megahezi 7.1 jibu ni kama mita 20, yaani kila mkono mita 10. Kwa megahezi 14.2 jibu ni kama mita 10, yaani kila mkono mita 5. Kata waya mrefu kidogo kuliko hesabu, kisha punguza taratibu. Waya uliokatwa haurefuki.

Je, kila bendi iwe na antena yake? Miti itatoka wapi? Ndiyo maana watu wamebuni antena moja ya bendi nyingi. Nitakueleza tatu.

Ya kwanza ni waya wa matawi. Kebo ni moja, lakini katikati hufungwa jozi mbili au tatu za mikono. Kila jozi hukatwa kwa bendi yake. Jozi ya mita 40 hufaa pia kwa mita 15, maana 7 mara 3 ni 21. Antena hii haihitaji kisanduku chochote cha kurekebisha. Gharama yake ni waya mwingi na uvumilivu. Ukipunguza jozi moja, nyingine nayo hubadilika. Tena ncha zake zikae mbali mbali.

Ya pili huitwa G5RV. Aliibuni Mwingereza Louis Varney mwaka 1946, na jina hilo ndilo alilokuwa akijitambulisha nalo hewani. Waya wake una urefu wa kama mita 31. Kutoka katikati zinashuka nyaya mbili sambamba, kama mita 10, kabla ya kukutana na kebo. Hufanya kazi bendi nyingi, hata ya mita 80. Gharama yake ni uwanja mrefu, na kisanduku cha kulinganisha antena na redio. Kila ukibadili bendi, unazungusha vishikizo tena.

Ya tatu ni waya unaolishwa kwenye ncha moja. Waya wa mita 20 huanzia dirishani na kwenda kwenye mti mmoja. Kwenye ncha ya nyumbani huwekwa transfoma ndogo. Bendi za mita 40, 20, 15 na 10 zote hupita. Ni rahisi sana kutundika. Gharama yake ni kwamba transfoma hula nguvu kidogo na kuigeuza joto. Tena mara nyingine umeme wa redio hurudi juu ya kebo na kuleta makelele ndani ya nyumba.

Umeona? Zote tatu zinafanya kazi, na zote tatu zina bei. Moja inataka waya, moja inataka uwanja na kisanduku, moja inakula nguvu. Mtu akikuambia waya wake una bendi zote na hauna hasara, muulize hasara ameificha wapi.

Mimi nimechagua waya wa matawi. Gharama yake nailipa mara moja, siku ya kukata na kupima. Siku ya shida, usiku, mvua inanyesha, mwenzangu ataweza kubadili bendi bila kuhangaika na vishikizo. Lakini ukiwa na mti mmoja tu, ile ya tatu itakufaa zaidi.

Yoyote utakayochagua, ipandishe juu. Waya mnyonge ulio mita 10 juu hushinda waya wa sifa ulio juu ya ua wa kuku. Usiutundike karibu na nyaya za umeme hata siku moja. Ncha zake ziwe juu, watoto wasizifikie, maana unapotuma sauti ncha hizo huunguza. Mvua ya radi ikianza kukusanyika, kebo iwe imekwisha kuchomolewa na kuachwa nje. Tena usitume sauti bila leseni. Hapa Tanzania leseni hutolewa na TCRA.

Kabla ya kununua chochote, toka nje. Hesabu miti yako. Pima uwanja wako kwa hatua. Halafu ndipo uulize bei ya waya.