Eastlands: Hapa Utabiri wa Mvua Hupimwa kwa Mto

Ukitaka kujua Wakenya wanawaamini kiasi gani wataalamu wa hali ya hewa, mpendwa msomaji, usiende Dagoretti Corner kwenye makao makuu ya idara yao. Huko utaonyeshwa ramani zilizopakwa kijani na manjano, na utarudi nyumbani umeridhika. Panda matatu ya Jogoo Road, uketi dirishani, kisha ungoje wingu litande. Hakutapita muda kabla ya abiria mmoja kusema kwa sauti: "Wametangaza mvua? Basi leo ni jua!" Matatu nzima itacheka, na makanga ndiye atakayecheka zaidi.

Kicheko hicho si cha ujinga. Kina historia yake, na njia nzuri ya kuijua ni kuizunguka mitaa yenyewe. Twende basi.

Kwanza uitazame ardhi. Eastlands ni mji ndani ya mji: Kaloleni, Makongeni, Bahati, Maringo, Jericho, Buruburu, Umoja, Kayole, Dandora, Huruma, Mathare na mingine ambayo wenyewe watanilaumu kwa kutoitaja. Mitaa ya zamani ilijengwa na mkoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, karibu na reli na viwanda, na wala hakuwapa sehemu iliyo bora. Magharibi ya jiji ni juu, na udongo wake ni mwekundu, hunywa maji. Huku mashariki ni chini, na udongo ni ule mweusi unaovimba ukilowa na kuyaacha maji yasimame juu yake kama uji kwenye bakuli. Mito nayo yote huteremkia huku. Mto Nairobi huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, kule Kikuyu, ukapita katikati ya jiji na kando ya Gikomba, ukaendelea mashariki hadi upande wa Dandora.

Kwa hivyo mtu wa hapa aweza kulala hali anga ni safi, aamke na kukuta mto umefika mlangoni, kumbe mvua ilinyesha usiku mbali kule juu. Redio ikisema "mvua inatarajiwa Nairobi", yeye huuliza: Nairobi ipi?

Sasa ushuke City Stadium, uingie Kaloleni kwa miguu. Nyumba hizi za mawe zenye mapaa ya vigae ni za miaka ya 1940, na waliozipanga waliacha nafasi ya nyasi na miti kati yake, jambo ambalo huwezi kuliona tena katika mitaa mipya. Ukimpata mkongwe aliyeketi kivulini, muulize kuhusu mvua. Wengine wataanzia 1961, mwaka wa mvua kubwa kabla ya uhuru, ambapo Ziwa Victoria lilianza kufura na katika miaka michache likapanda zaidi ya mita moja. Lakini walio wengi wataanzia 1997.

Nani aliyeisahau? Wataalamu walionya mapema kwamba bahari ya Pasifiki imepata joto isivyo kawaida na kwamba jambo hilo, liitwalo El Nino, lingeleta mvua kubwa kwetu. Wengi walipuuza. Mvua ilianza Oktoba, ikabomoa madaraja na kukata barabara, na uchaguzi mkuu wa Desemba 29 ikabidi uongezewe siku ya pili, kwa kuwa katika sehemu kadhaa makaratasi na masanduku yalichelewa kufika. Tangu hapo neno El Nino likaingia katika Kiswahili chetu na kukaa kitako.

Na hapo ndipo tatizo lilipoanzia, kwa maoni yangu. Utabiri ule ulitimia kupita kiasi. Kila neno hilo linapotajwa, mtu wa Eastlands huiona 1997 machoni pake, na lolote lililo pungufu ya 1997 huliita uongo. Mwaka 2015 bahari ya Pasifiki ilipata joto sana, El Nino ikawa miongoni mwa zilizokuwa kali kabisa tangu vipimo vianze kuwekwa. Tukaonywa, tukatayarishwa. Mvua ikaja, ila haikufika kiasi cha 1997. Vicheko vikarudi matatuni. Kisha 2019, bila El Nino ya kutisha, mvua za vuli zikamwagika hadi watu wakashangaa.

Je, wataalamu walidanganya? La. Mvua zetu za Oktoba hadi Desemba zina mabwana wawili. Mmoja ni Pasifiki, iliyo mbali. Wa pili ni Bahari ya Hindi, hii yetu: upande wa Afrika ukipata joto kuliko upande wa Indonesia, mawingu huja kwetu. Jambo hili lilielezwa na kupewa jina mwaka 1999, yaani baada ya mvua ile kubwa kupita. Mwaka 1997 mabwana wote wawili walikuja pamoja. Mwaka 2015 yule wa karibu alikuja kwa unyonge. Mwaka 2019 alikuja yeye na nguvu zake zote, na wataalamu wanasema 1961 pia ilikuwa kazi yake. Ni maelezo mepesi, mtoto wa shule ya msingi ayaelewa, lakini umewahi kuyasikia yakitolewa hivyo kwenye habari za saa moja? Tunachoambiwa ni "mvua zaidi ya wastani", na hakuna atuambiaye wastani huo ni kiasi gani. Tukiambiwa uwezekano ni asilimia 60, hatukumbushwi kwamba zile 40 zilizobaki nazo zina haki ya kutokea.

Turudi barabarani. Buruburu nitakupitisha haraka, maana wenyeji wake huwa wepesi wa kuudhika: mtaa huu uliojengwa kwa awamu tangu miaka ya 1970 ulikuwa na nyua na mitaro mizuri, kisha kila mmoja akajenga vyumba vya kupanga mbele ya nyumba yake, maji yakakosa pa kupita. Umoja nayo imejaa ghorofa mahali palipokuwa na nyumba fupi. Vijana wasomi wa huku wana swali lao, nalo ni zuri: ikiwa mahesabu ya kompyuta yanasema Afrika Mashariki itapata mvua nyingi zaidi dunia ikizidi joto, mbona masika yalipungua kwa miaka mingi, tangu miaka ya 1980 hadi karibu 2010? Jibu ni kwamba wataalamu wenyewe walilitambua jambo hilo, wakalipa jina la kitendawili, na hadi leo hawajakimaliza kukitegua. Mimi huwaamini zaidi kwa sababu hiyo. Mganga wa kienyeji hajawahi kukutangazia kitendawili chake.

Kutoka hapo tushike Outer Ring hadi Huruma. Hapa, usiku wa Aprili 29, 2016, mvua ikinyesha, jumba la ghorofa kando ya mto liliporomoka na kuua zaidi ya watu 50. Jumba lile lilikuwa tayari limeorodheshwa kubomolewa. Onyo lilikuwapo basi, na wapangaji wakaendelea kulipa kodi. Ukitembea mitaa hii utaziona alama za X nyekundu kwenye kuta nyingi, nyingine zimefifia kwa uzee, na chini yake kinyozi ananyoa, mama mboga anapanga sukuma wiki. Onyo likikaa ukutani miaka bila kufuatwa na lolote, hugeuka kuwa pambo.

Hatua chache tu kutoka hapo ni Kiamaiko, kwenye nyama ya mbuzi, na bonde la Mathare. Hapa ucheshi wa matatuni unakwisha.

Mwaka 2023 idara ilitabiri El Nino. Mwezi Oktoba, Rais William Ruto akawaambia wananchi kwamba wataalamu sasa wamesema haitakuwapo, ila mvua nyingi tu. Watu wakapumua. Mwezi Novemba mafuriko yakaja, na kabla ya mwaka kwisha zaidi ya Wakenya 100 walikuwa wamekufa. Kisha yakaja masika ya 2024. Mwishoni mwa Aprili mto Mathare ulivunja kingo zake usiku, watu wakapanda mapaa ya mabati, wengine wakachukuliwa na maji. Kufikia katikati ya Mei waliokufa nchini walikuwa zaidi ya 280. Watafiti wa kimataifa walipopima baadaye walikadiria kwamba joto la dunia liliongeza ukali wa mvua ile kwa takriban asilimia 5, wakataja pia jinsi miji inavyojengwa holela. Asilimia 5 si kishindo, lakini nani awezaye kumwambia mto uliokwisha kujaa uongezewe kidogo tu?

Baada ya maji likaja tingatinga. Serikali iliamuru wote waliokuwa ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame, vibanda vikabomolewa, na Rais alipozuru Mathare mwezi Mei aliahidi shilingi 10,000 kwa kila jamii iliyoathirika. Lakini ujue, msomaji, kwamba tangu siku hizo neno "hatari" katika bonde hili limekuwa na maana mbili. Likitoka redioni, mtu hujiuliza kama anaonywa kuhusu mto au kuhusu tingatinga. Hata mwenye imani kamili na sayansi angesita.

Nilimkuta mama mmoja akikaanga omena karibu na daraja, hatua zisizofika 30 kutoka kwenye maji. Alikuwa amehamishwa 2024, akarudi. Nilimuuliza kama huwaamini watu wa hali ya hewa.

"Nawaamini, baba," akasema. "Mwaka ule walisema itanyesha, ikanyesha. Mimi swali langu si hilo. Wakisema tena mwezi wa kumi kwamba mto utajaa, nami nikatoka hapa na watoto wangu mapema kama wanavyotaka, ile nyumba ya huko juu, kodi yake nitalipiwa na nani? Na wateja wangu watanifuata?"

Alikoroga omena zake, akampimia mteja wa shilingi 20, kisha akanyoosha kidole ukutani kunionyesha mstari wa tope lililokauka, juu kidogo ya kichwa changu. Hawajaufuta, alisema, kwa sababu watoto wameanza kuutumia: maji yakifika kwenye tofali la tatu chini ya mstari huo, mkubwa huwabeba wadogo na kupanda nao Juja Road bila kungoja kuambiwa.