Vilima vya Tarime: baridi, mawe na tindiga

Msomaji wa Pwani akilisikia jina la Mara, kinachomjia haraka ni tambarare ya Serengeti, jua kali na nyumbu wanaovuka mto. Ni nadra kuikumbuka baridi. Lakini kaskazini ya Mto Mara nchi inapanda na kuwa nyanda za juu za Tarime, na huko asubuhi za Juni na Julai hukabiliwa kwa koti zito na uji wa wimbi. Jalidi kama ile ya Kitulo hatuijui, kwani Ikweta haiko mbali. Ila umande wa huku hutia ganzi vidole vya miguu, na ukungu hulala mabondeni hata jua likiwa limekwisha kuchomoza.

Katika msimu huo sisi wanne wa kamati ya msikiti tulitoka kwa miguu kuvipanda vilima vilivyo juu ya Nyamwaga. Safari ilikuwa na sababu. Watoto wanaokaa nyuma ya kilima huja shule na madrasa kwa njia ya mkato inayopita katika tindiga, nao hufika wamelowa hadi magotini, wakitetemeka. Baadhi ya wazazi wakatoa shauri kwamba tindiga lichimbiwe mfereji, likaushwe, kisha ipandwe mikaratusi. Kamati ikaombwa ichangie fedha. Tukaona haifai kuamua jambo la ardhi tukiwa tumeketi mkekani.

Njia ya kupanda ni ya mawe. Majabali yamelaliana kana kwamba yamepangwa kwa mkono, na kati yake mna viraka vya mahindi, migomba na kahawa. Mawe yaliyoloa umande huteleza kama sabuni, hivyo kila mmoja alishika fimbo. Kileleni upepo ulitupokea kwa ukali, lakini ukungu ulipopasuka tukaliona bonde la Mto Mara upande wa kusini, na ng'ambo yake wilaya ya Serengeti ikinyooka kuelekea Mugumu. Mto huo huanzia milima ya Mau nchini Kenya, ukasafiri kiasi cha kilometa 395 hadi Ziwa Victoria. Vijito vya vilima vyetu ni miongoni mwa vinavyouongezea maji.

Tuliteremka upande wa pili, na chini ya mteremko ndipo lilipo tindiga lenyewe. Kwa mbali ni kama malisho mazuri ya kijani. Ukikanyaga, ardhi inatikisika, na udongo mweusi unaushika mguu usitake kuuachia. Fimbo tuliyoichomeka ilizama zaidi ya nusu yake. Upana wa pale panapopita watoto ni kama hatua sabini zetu.

Mzee mmoja aliyekuwa akichunga ng'ombe alitusogelea. Tulipokwisha kusalimiana tukamweleza kilichotuleta. Akatutazama kwa utulivu, akasema: "Mura, Januari vijito vyote hivi mnavyoviona hukauka. Ng'ombe wetu huja hapa, na ndoo za wake zetu huja hapa. Mkilikausha tindiga hili, mtawapa watoto miguu mikavu, na koo kavu pia."

Maneno ya mzee yanaafikiana na elimu ya wataalamu wa ardhi oevu. Udongo wa tindiga huyafyonza maji ya masika, ukayahifadhi, kisha ukayaachia kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Mfereji huyaondoa maji hayo kwa siku chache, na mikaratusi, kwa wingi wa maji inayoyanywa, humalizia kazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye vyanzo vya maji.

Adhuhuri ilitukuta hapo hapo. Maji ya udhu yalikuwa baridi mno, na tukakumbushana kuwa kukamilisha udhu wakati wa mashaka kuna fadhila zake. Baada ya sala tukashauriana. Kilima kina mawe kupita kiasi, na bonde lina maji kupita kiasi. Basi kimoja kikitumikie kingine. Tukaamua mawe bapa yateremshwe na kupangwa kwa kuachiana nafasi, watoto wakanyage juu na maji yapite kati. Mzee aliahidi kutuletea vijana wake wenye nguvu. Fedha za mfereji zitanunua mabuti ya mpira kwa watoto wasio na viatu.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani. Lakini si kila linalomkera mpita njia ni udhia kwa mwenye kiu. Kila tarehe 15 Septemba Kenya na Tanzania huadhimisha Siku ya Mto Mara, na hotuba nyingi hutolewa juu ya mto. Ndugu zetu mnaokaa vilimani, mto huo unaanzia kwenye matope ya nyuma ya nyumba zenu. Kabla hamjalikausha tindiga, liendeeni kwa miguu, na muulizeni anayechunga hapo linamfaa nini mwezi wa Januari.