Kutoka Kamba Hadi Mkeka

Nilipokuwa mdogo hapa Tabora, mlevi aliyeshindikana alikuwa na mahali patatu pa kuishia. Polisi wakimkuta kwenye kilabu cha gongo, alilala mahabusu. Ndugu wakichoka, walimpeleka kwa mganga. Na wale wasio na fedha ya mganga walimfunga kamba chumbani mpaka atulie. Watoto tulizijua nyumba zenye mtu aliyefungwa, tukazipita kwa mbio. Walikuwepo walioacha pombe kabisa, lakini hao walikaa kimya. Kutamka kwamba uliwahi kuwa mlevi kulikuwa kuchafua jina la ukoo, na hakuna aliyewaza kumwita mtu wa namna hiyo aje azungumze na mlevi mwenzake.

Pombe yenyewe haikuwa ngeni. Unyamwezi ni nchi ya asali, na wanzuki, pombe ya asali, ilinywewa na wazee wetu tangu zamani. Gongo ndiyo iliyomaliza vijana, kisha vikaja viroba, pombe kali ya kwenye vipakiti ambayo hata mwanafunzi aliweza kuinunua, mpaka Serikali ilipovipiga marufuku Machi 2017. Heroini tuliisikia tu kama habari ya pwani.

Kaka yangu ndiye aliyeingia nayo nyumbani kwetu. Alipomaliza shule alipanda treni kwenda Dar es Salaam, wala hakuna aliyeshangaa. Katika karne ya 19 vijana wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kwa miguu hadi Bagamoyo, safari ya miezi kadhaa, na kijana ambaye hajaiona pwani alihesabika bado mtoto. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 safari ikawa fupi, hamu ya pwani ikabaki ile ile. Kaka alipata kazi ya utingo wa lori, akapata na marafiki. Akaanza kuvuta unga, yaani heroini, uliochanganywa na bangi, baadaye akajidunga.

Aliporudi mara ya kwanza alikuwa mifupa mitupu. Usiku ule arosto, mateso ya kukosa unga, ilimshika: anapiga miayo, makamasi yanachuruzika, anatapika, anajikunja kwa maumivu ya mifupa. Baba alifanya alichokiona kikifanywa maisha yake yote, akamfunga. Alifanya hivyo akilia. Baada ya siku chache kaka akatulia, akala, akaoga, akacheka nasi. Tukachinja kuku kwa furaha. Haukupita muda mrefu, akapanda treni tena kurudi kule kule.

Leo naelewa tulichokuwa hatukijui. Arosto ya heroini huisha kwa wiki moja hivi, lakini hamu ya unga hukaa mwilini na akilini kwa miezi na miaka. Kamba ilimvusha wiki ile moja. Baada ya hapo hatukuwa na chochote cha kumpa, si dawa, si kazi, wala mtu wa kumweleza usiku hamu inapomjia.

Mabadiliko yalianzia pwani. Kule Malindi, Kenya, Omari Project ilikuwa ikiwahudumia watumiaji wa heroini tangu mwaka 1995. Zanzibar, mwaka 2009, Suleiman Mauly, aliyewahi kutumia heroini yeye mwenyewe, alianzisha na wenzake nyumba ya kupata nafuu ambayo watu wanaiita soba. Humo waliotangulia kuacha wanaishi na wanaoanza kuacha, wanapika pamoja, wanakaa vikao pamoja. Februari 2011 hospitali ya Muhimbili ikafungua kliniki ya kwanza ya methadone nchini. Baadaye huduma hiyo ikafika Mbeya, Mwanza na Dodoma.

Kliniki ilikuwa na milango, madaktari na dawa. Lakini teja, mtumiaji wa unga anayeshinda maskani na wenzake, haendi hospitali kwa sababu tu imefunguliwa. Anaogopa kukamatwa, anaogopa kutukanwa, na asubuhi kete ya unga ndiyo inayomshughulisha. Aliyemtoa kaka maskani alikuwa teja wa zamani, mwelimishaji rika. Aliwafuata pale pale, akakaa chini nao, akaongea lugha yao, akaonyesha makovu ya sindano mikononi mwake. Alirudi kila mara, hata walipomfukuza, mpaka siku kaka alipokubali kufuatana naye.

Methadone ni dawa ya maji, na kwa kawaida mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Inazuia arosto na kupunguza hamu, mtu akapata nafasi ya kufikiri. Kwa sababu ya kunywa kila siku, kaka hakuweza kurudi Tabora. Alibaki Dar es Salaam miaka, akipunguziwa dozi polepole, na katika miaka hiyo naye akaanza kwenda maskani kuwatafuta wengine.

Kwamba aliyeacha humsaidia anayetaka kuacha, naye mwenyewe akasaidika, limegunduliwa mahali pengi. Mwaka 1935, katika mji wa Akron, Marekani, Bill Wilson aliyekuwa ameacha pombe miezi michache tu alihofia kurudia. Akatafuta mlevi mwingine wa kuongea naye, akampata daktari aitwaye Bob Smith, na mazungumzo yao ndiyo yaliyozaa chama cha Alcoholics Anonymous. Na hapa kwetu wazee wanawajua Waswezi: aliyesumbuliwa na pepo alitibiwa kwa kuingizwa katika ngoma yao, na akishapona alishiriki kuwatibu wengine. Wanyamwezi walijua zamani sana kwamba aliyepitia ugonjwa ana kazi kwa mgonjwa.

Kaka aliporudi Tabora kwa kudumu, hakukuwa na soba mtaani kwetu. Alianza na mkeka chini ya mwembe. Jioni moja mama mmoja wa Isevya, hapa hapa Tabora, alimleta mwanawe, mnywaji wa gongo wa miaka mingi aliyekuwa ameamua kuacha. Kaka alimpa kikombe cha uji. Mikono ya kijana ilitetemeka hata uji ukamwagikia surualini. Kaka hakusema neno, alikishika kikombe upande wa pili mpaka kijana akamaliza.

"Umekunywa lini mara ya mwisho?"

"Jana asubuhi, kaka."

"Umewahi kuanguka ukiacha?"

Kijana akainama. Mama yake ndiye aliyejibu kwamba safari iliyopita alianguka jikoni akakakamaa, povu likamtoka.

Kaka akasimama pale pale. "Mama, huyu hatukai naye hapa. Twende hospitali ya Kitete sasa hivi."

Mnywaji wa miaka mingi akikata pombe ghafla anaweza kupata degedege na kufa. Kaka analijua hilo, na anajua pia mahali kazi yake inapokoma na ya daktari inapoanza. Alikesha wodini na yule kijana, na alipotoka wakaendelea na mkeka. Wapo waliomponyoka wakarudi kilabuni, naye akawafuata huko huko. Nilimwuliza kama hachoki. Akanijibu, "Mdogo wangu, nikikaa bila mtu wa kuongea naye, naanza kuikumbuka pwani."

Jibu hilo ndilo linalonifanya niandike. Watu kama kaka wanawaponya wengine huku wakijilinda wenyewe, na wengi wanafanya hivyo kwa kujitolea, wakiambulia posho ya nauli. Akiyumba mmoja wao, hana pa kukimbilia. Wewe uliyeacha miaka mingi iliyopita ukanyamaza, jitokeze, mtaani kwako kuna kijana anayekuhitaji. Na halmashauri zetu ziache kuwaona kama mateja wastaafu. Ziwape mafunzo ya kutambua dalili za hatari, ziwaunganishe na hospitali, na ziwalipe mshahara, kwa sababu wanafanya kazi ya afya.