Bruges au Ghent? Miji miwili iliyotugombanisha

Wanandoa wengi hugombana kwa sababu ya fedha, ndugu wa mume, au simu inayoita saa tano usiku. Sisi tuligombana kwa sababu ya miji miwili ya Ubelgiji. Usicheke msomaji wangu, nasema kweli. Siku tatu nzima hatukusemeshana, ndani ya nyumba moja, kisa Bruges na Ghent.

Ilianza hivi. Mwaka 2023 mwajiri wa mume wangu alimpangia kozi ya wiki mbili mjini Brussels, mwezi Oktoba. Na mimi zamu yangu ya kupokea mchezo ofisini ilikuwa Agosti. Nikapiga hesabu zangu: nauli ninayo, likizo ninayo, mama mkwe atakuja kukaa na watoto. Nikamwambia, “Baba watoto, ukimaliza kozi yako mimi nakuja. Tukae siku nne, sisi wawili tu.”

Ilikuwa ile hanimuni ambayo hatukuwahi kuipata. Tulipooana mwaka 2014 kamati ya harusi ilifanya mambo makubwa: ukumbi, keki ya ngazi, emsii, video. Hanimuni yenyewe ilikuwa siku mbili Bagamoyo, halafu mwenzangu akarudi kazini. Likizo ilikuwa imeisha, madeni ya harusi bado.

Na kuna jambo jingine ambalo sikuwa nalisema kwa watu. Kwa karibu miaka miwili mume wangu alikuwa anafanya kazi Mbeya, mimi na watoto tuko Dar. Alikuwa anakuja mara moja au mbili kwa mwezi. Kwenye simu tulizungumza kila siku, lakini tulizungumza nini? Ada ya shule. Luku imeisha. Gari linavuja oili. Mtoto ana kikohozi. Usiku mwema. Kama wasimamizi wawili wa kampuni moja.

Tulale wapi?

Kwa asiyejua, ukiomba viza ya Schengen unatakiwa kuonyesha utalala wapi, pamoja na bima ya safari inayofikia angalau euro 30,000. Huwezi kusema nitajua nikifika. Kwa hiyo kabla sijapeleka fomu na kulipa zile euro 80 (tangu Juni 2024 zimekuwa 90), ilibidi tuchague hoteli. Brussels mwenzangu alisema ataichoka kwa wiki mbili za kozi. Ikabaki miji miwili ya jirani. Kutoka Brussels, Ghent ni kama nusu saa kwa treni, Bruges ni kama saa moja. Kati ya miji hiyo miwili ni kama dakika 25 tu.

Mimi sikuwa na la kufikiria. Bruges! Ukiona picha zake utadhani mtu amechora. Mifereji ya maji, madaraja ya mawe, nyumba za matofali zenye paa za ngazi ngazi, farasi wanavuta vigari, na mnara wa kengele wenye urefu wa mita 83. Ndani ya Kanisa la Mama Yetu kuna sanamu ya marumaru ya Bikira Maria na Mtoto Yesu, kazi ya Michelangelo mwenyewe, moja ya kazi zake chache sana zilizotoka Italia akiwa hai. Kitovu cha mji huo kiliwekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, mwaka uleule na Mji Mkongwe wetu wa Zanzibar. Nilishajiona nimesimama pale kwenye daraja na koti langu jekundu, mume wangu amenishika kiuno.

Yeye akasema Ghent. Ghent? Nilikuwa siijui hata kwa jina.

“Ni mji wa zamani vilevile,” akaniambia, “ila watu wanaishi.” Akaanza kunieleza. Ngome ya mawe katikati ya mji, iliyojengwa mwaka 1180, na ambayo wanafunzi wa chuo kikuu waliiteka mwaka 1949 wakipinga kupandishwa kwa bei ya bia. Mchoro maarufu wa madhabahuni wa akina Van Eyck, uliokamilika mwaka 1432, ambao ubao wake mmoja uliibiwa mwaka 1934 na mpaka leo haujaonekana. Mwanamume huyu alikuwa amesoma! Mimi nikamwambia Bruges ndiyo wanayokwenda watu.

“Bruges ni nzuri,” akajibu, “lakini ni nzuri kama sebule ya wageni. Makochi yamewekwa vitambaa, watoto hawaruhusiwi kukaa.” Halafu akaongeza maneno yaliyoniuma: “Hivi mama, wewe unataka kwenda kukaa na mimi, au kwenda kupigwa picha na mimi?”

Nikanyanyuka mezani. Ndiyo siku tatu hizo zikaanza.

Kwa nini yaliniuma

Yaliniuma kwa sababu yalikuwa ya kweli. Kazi yangu ni magazeti. Kila mwezi napanga picha za wapenzi wanaocheka ufukweni, nikijua kwamba wengine wamekutana asubuhi hiyohiyo studio. Nami nilikuwa nataka picha yangu. Nilitaka wale wanaoniuliza kwa sauti ya huruma, “Hivi shemeji bado yuko Mbeya?” waone kwamba sisi tuko sawa. Sikujiuliza kama kweli tuko sawa.

Siku ya tatu mwenzangu wa meza ya jirani, dada mmoja aliyewahi kuachika na sasa ameolewa tena, aliniona nimenuna. Nikamsimulia. Akanicheka kwanza, kisha akasema, “Usimuulize anataka kwenda wapi. Muulize akifika huko anataka kufanya nini.”

Jioni ile mume wangu alikuwa bado yuko nyumbani. Tukakaa kibarazani watoto walipolala. Nikatoa karatasi mbili, kila mmoja aandike mambo matatu. Mimi niliandika: picha nzuri, chakula cha jioni tumevaa, mahali ambapo hakuna anayetujua. Yeye aliandika: kulala, kutembea bila ratiba, kuongea.

Kuongea. Moyo ulinipiga paa! Kuongea nini? “Tukifika,” akasema. Wanawake wenzangu mnajua neno kama hilo linavyokosesha usingizi. Lakini sikumlazimisha. Tukakubaliana tulale Ghent usiku wote, na siku moja, asubuhi hadi usiku, iwe ya Bruges.

Bruges ya mchana na Bruges ya jioni

Tulifika Ghent Ijumaa jioni tumechoka, tukala tukalala. Jumamosi tukapanda treni kwenda Bruges.

Niseme ukweli, mji ni mzuri kuliko picha. Lakini Jumamosi ile watu walikuwa kama Kariakoo siku ya mkesha wa sikukuu. Foleni ya boti, foleni ya mnara (ngazi zake ni 366, tukapanda, magoti yangu hayajasahau), na pale kwenye kona ya maji inayoitwa Rozenhoedkaai, anakopigia picha kila mtu, foleni ya kusimama. Nikapiga picha yangu ya koti jekundu. Tulipiga kama mara 20. Kila picha mume wangu ana sura ya mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

Mchana tukaelezwa kwa nini mji umebaki vile. Zamani Bruges ilikuwa tajiri kupindukia, wafanyabiashara wa Italia na Hispania wamejaa, kwa sababu mkondo wa bahari uitwao Zwin uliwafikishia meli. Mkondo ule ukajaa mchanga na tope. Kufikia miaka ya 1500 biashara ikahamia Antwerp. Mji ukawa maskini, hakukuwa na fedha ya kubomoa nyumba za zamani na kujenga mpya. Ndiyo maana leo tunazishangaa.

Mume wangu akanigeukia. “Bagamoyo,” akasema. Tukaangua kicheko, maana ndicho nilichokuwa nawaza. Bagamoyo nayo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani hadi mwaka 1891, wakahamia Dar es Salaam kwenye bandari yenye kina. Huko ndiko tulikokula hanimuni yetu ya siku mbili.

Kisha ikaja jioni, na hapa namtetea Bruges. Wale wa matembezi ya siku moja wakarudi kwenye mabasi na treni zao. Mitaa ikanyamaza. Taa zikawaka juu ya maji. Tukaenda hadi kwenye ziwa dogo liitwalo Minnewater, tukakaa kwenye benchi, baridi inauma, hakuna simu mkononi. Na pale, kwenye mji alioukataa, ndipo mume wangu alipofungua mdomo.

Alikuwa amepewa mkataba mpya wa Mbeya. Miaka mitatu. Mshahara mzuri. Barua alikuwa nayo tangu Julai. Miezi mitatu nzima alikuwa anatafuta namna ya kuniambia, na kila alipopiga simu nilimwambia Luku imeisha.

Nililia, sitaficha. Kwanza kwa hasira, kwa kunificha. Halafu nikamwambia na la kwangu: kwamba nimechoka kulea peke yangu, na kwamba wakati mwingine akija nyumbani namwona kama mgeni anayevuruga ratiba. Sikuwahi kusema hivyo kwa sauti. Tulirudi Ghent kwa treni ya usiku, kila mmoja anatazama dirishani, lakini mikono tumeshikana.

Ghent ilipotusaidia

Kama tungekuwa tumelala Bruges siku zote nne, sijui kama tungemaliza mazungumzo yale. Ghent haikutudai chochote. Mji ule haukuacha kufanya kazi: wakati wa kale ulikuwa wa nguo za sufu, karne ya 19 ukawa wa viwanda vya pamba, leo una wanafunzi na baiskeli kila kona. Wenyeji wake hujiita wavaa vitanzi, kwa sababu mwaka 1540 Mfalme Charles wa Tano, aliyezaliwa hapohapo, aliwalazimisha wakubwa wa mji kupita mbele yake na vitanzi shingoni baada ya kugomea kodi. Aibu ile wameigeuza sifa. Nikawapenda kwa hilo tu.

Jumapili na Jumatatu tulikaa ukingoni mwa mto pale Graslei, kwenye mawe, miguu inaning’inia kama wanafunzi. Tukala chipsi na mayonezi, tukala pipi zao za zambarau zenye umbo la pua, na mchuzi wa kuku uitwao waterzooi ambao mume wangu alisema unahitaji pilipili. Tukatoa kalamu. Mshahara wa Mbeya hivi, nauli hivi, watoto hivi. Tukakubaliana asisaini miaka mitatu, aombe mmoja. Likizo za shule sisi tutakwenda kwake. Na kwenye simu, kabla ya Luku, kila mmoja amwulize mwenzake siku yake imekwendaje.

Mwajiri alikubali mwaka mmoja. Haukuwa mwepesi, kuna miezi tulirudi kulekule kwenye ada na oili ya gari. Uliisha Desemba 2024. Sasa yuko nyumbani, anakoroma, anavuruga ratiba yangu kila siku.

Kama na wewe unachagua

Mkiwa na usiku mmoja au miwili na mnataka mahaba ya kwenye sinema, nendeni Bruges, ila mlale hukohuko. Anayekuja mchana na kuondoka saa kumi na moja hajaiona. Mkiwa na siku nne na mnataka kutembea bila ratiba, laleni Ghent na mwende Bruges kwa treni, mkae mpaka giza liingie. Julai Ghent huwa na sherehe za mji za siku kumi, ni raha kwa wanaopenda muziki, lakini usitegemee utulivu.

Ila kabla ya kufungua tovuti za hoteli, chukueni karatasi mbili. Kila mmoja aandike anataka kufanya nini huko. Na kama mwenzako ataandika “kuongea”, usiogope kama nilivyoogopa mimi.

Ile picha ya koti jekundu sijaitundika. Kwenye meza yangu ofisini ipo nyingine, aliyotupiga mwanafunzi mmoja pale Graslei. Macho yangu yamevimba, mume wangu ana mayonezi kwenye ndevu. Mpiga picha wetu wa gazeti anaitazama kila akipita, anatikisa kichwa.