Jini wa Aladdin alikataa kazi ambayo mganga wa dada yangu aliipokea

Wapendwa, leo sina umbea wa staa yeyote. Leo ni ya kwetu nyumbani Tanga, na majina siyaweki, wenyewe watajijua.

Jumamosi mvua ilitufungia ndani. Nikamwekea mtoto wa dada yangu, ana miaka saba, ile katuni ya Aladdin ya Disney. Siyo ya Will Smith ya mwaka 2019, ile ya zamani ya 1992. Mama yetu kusikia tu neno jini akanuna, akaingia chumbani na tasbihi yake. Kwetu jini siyo mtu wa bluu anayechekesha watoto.

Sasa nilishaiona hiyo katuni mara nyingi, ila siku hiyo masharti yake ndiyo yalinishika. Jini anatoka kwenye taa, anamwambia Aladdin una maombi matatu. Kuomba uongezewe maombi, hakuna. Halafu anataja mambo ambayo yeye hafanyi: haui mtu, hamfanyi mtu ampende mtu mwingine, na hafufui wafu. Anayasema mapema kabisa, kabla hujaomba chochote. (Kwenye hadithi yenyewe ya zamani ya taa, maombi hayana idadi. Jini anakasirika pale tu anapoambiwa alete yai la ndege Rukh litundikwe kwenye kuba la jumba, kwa sababu huyo Rukh ndiye bwana wake. Hata huko kuna mpaka.)

Nikamkumbuka mganga wa dada.

Shemeji aliondoka mwaka juzi, akahamia kwa mwanamke mwingine mtaa wa pili tu, yaani unasikia mpaka redio yao. Dada akaona karatasi kwenye nguzo ya umeme: kurudisha mpenzi siku tatu, nyota, kesi, mali, cheo. Kila kitu jamaa anaweza! Bei ikawa shilingi 350,000. Dada ni fundi nguo, hela hiyo hana. Akauza cherehani. Mimi nikaja kujua baadaye, nilipoleta kitambaa changu cha sikukuu nikakuta meza tupu.

Na jamani, shemeji alirudi kweli. Wiki mbili. Alikula, alicheka, alimbeba mtoto mabegani. Halafu akaondoka tena na begi lile lile. Dada akampigia mganga, mganga akamjibu: umekosea masharti, ulioga ile dawa jua limeshachomoza. Alete mbuzi mweusi waanze upya.

Hapo ndipo ninapompenda yule wa bluu. Masharti ya kwenye taa yanambana jini mwenyewe. Ya mganga yalimbana mteja peke yake: usioge saa hii, usiongee na mtu njiani, usigeuke nyuma. Kazi ikikubali, sifa ni za mganga. Ikigoma, kosa ni lako na hela hairudi.

Basi, tukafika pale Jafar amenyakua taa. Anamwamuru jini amfanye Jasmine ampende. Jini anaanza kumweleza kwamba hilo haliwezekani, mara Jasmine mwenyewe anamlegezea Jafar macho, anamsifia, anamsogelea. Kumbe anamzuga tu ili Aladdin apate nafasi ya kuichukua taa. Jafar mzima mzima kaamini.

Sikujua kama dada kasimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Hivyo hivyo," akasema. "Alikuwa ananichekea hivyo hivyo, simu kaifunika chini."

Sikumjibu. Mtoto ndiye akageuka, akaniuliza mimi, siyo mama yake: "Mamdogo, kwa hiyo baba hata jini hawezi kumrudisha?"

Wallahi nilitafuta neno nikakosa. Nikamwambia jini anaweza kujenga jumba, anaweza kuleta tembo na ngamia, ila moyo wa mtu hauingii mle kwenye taa. Akafikiri kidogo. "Cherehani je?"

"Cherehani anaweza," nikasema. Dada akacheka huku anajifuta macho kwa kanga. Vitunguu, eti.

Akaja kukaa chini kwenye mkeka na sisi. Akaniambia nirudishe mwanzo, pale jini anapotaja masharti, maana yeye alikuwa jikoni. Nikarudisha. Kiingereza chao kinakimbia, nikawa namtafsiria moja moja. Nilipofika kwenye ile ya mapenzi akanishika mkono.

"Amelisema hilo kabla hajapewa kazi?"

"Kabla."

"Na huyu anatoza shilingi ngapi?"

"Bure, dada."

Kule chumbani mama akaguna.